Fimbo ya mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ugonjwa wa Havana

Kila habari hii inapoibuka upya, maswali huwa yaleyale. Haya hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayozua ubishi. Jibu moja likigusa jingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Ugonjwa wa Havana ni nini hasa?

Ni jina walilopachika watu kwa malalamiko ya kiafya yaliyoanza kutolewa na wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani mjini Havana, Kuba, mwishoni mwa mwaka 2016. Mtu yuko nyumbani au hotelini, mara nyingi usiku, ghafla anasikia sauti kali ya kukereza, kama chuma kinakwaruza chuma, au anahisi kichwa kinakandamizwa kutoka upande mmoja. Baada ya hapo hufuata kizunguzungu, maumivu ya kichwa, masikio kuvuma, usingizi kukimbia, kusahausahau. Baadhi yao walisimulia kwamba wakisogea hatua chache sauti inakatika, wakirudi palepale inawapokea tena, kana kwamba mtu amewamulika na tochi.

Serikali ya Marekani hailipendi jina hilo. Kwenye nyaraka zake inayaita matukio ya kiafya yasiyo ya kawaida, maneno yaliyochaguliwa makusudi ili yasiseme nani kafanya wala kama kuna aliyefanya.

2. Ni watu wangapi waliopatwa?

Huko Kuba penyewe Marekani ilithibitisha Wamarekani 26. Wakanada zaidi ya kumi nao walipatwa, wakiwemo watu wa familia (swali la 16). Mwaka 2018 taarifa zikatoka Guangzhou, China, kisha Vienna na miji mingine mingi, hadi hesabu ikapita taarifa 1,000 duniani kote.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Taarifa si kisa. Serikali ilipowaambia maelfu ya wafanyakazi wake waripoti chochote wanachokitilia shaka, wakaripoti. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilipozichambua, Januari 2022, likasema nyingi zina maelezo ya kawaida: maradhi yaliyokuwa hayajagunduliwa, mazingira, msongo wa mawazo. Zikabaki taarifa chache zisizo na jibu.

3. Kwa nini watu walirukia silaha moja kwa moja?

Kwa sababu ya nani na wapi. Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza walikuwamo maofisa wa CIA waliokuwa wakifanya kazi kwa kivuli cha ubalozi. Ubalozi wenyewe ulikuwa umefunguliwa tena Julai 2015, baada ya nchi hizo mbili kukaa zaidi ya miaka 50 bila uhusiano wa kibalozi. Na Havana ni mji ambao mwanadiplomasia wa Kimarekani hulala akijua anasikilizwa. Ukiumwa kichwa Nairobi unafikiria malaria. Jasusi akiumwa kichwa Havana anafikiria jasusi mwenzake.

## Silaha yenyewe

4. Je, sauti inaweza kumjeruhi mtu aliyeko ndani ya nyumba?

Neno la kwanza kusambaa mwaka 2017 lilikuwa "shambulio la sauti". Lilikufa mapema. Sauti ya masafa ya juu kupita uwezo wa sikio haifiki mbali hewani na ukuta huizuia. Sauti nzito ya masafa ya chini hupenya, lakini ingehitaji vipaza sauti vikubwa mno, na mtaa mzima ungetetemeka, si chumba kimoja.

Oktoba 2017 shirika la habari la AP lilichapisha rekodi ya sauti hiyo, iliyonaswa na mmoja wa wafanyakazi huko Havana. Televisheni ya Kuba ikasema: hao ni wadudu. Wamarekani wengi wakacheka. Januari 2019 watafiti wawili, Alexander Stubbs na Fernando Montealegre-Z, wakaipima rekodi ile, wakakuta inalingana na mlio wa nyenje mmoja wa visiwa vya Karibi, ukishajumlisha mwangwi wa kuta. Jopo la wanasayansi washauri wa serikali ya Marekani, JASON, nalo lilikuwa limeshaandika mwaka 2018 kwamba sauti hizo yaelekea ni za wadudu. Ripoti hiyo ilikaa kabatini hadi ilipowekwa hadharani Septemba 2021.

Nyenje hamjeruhi mtu. Kwa hiyo ugunduzi huo ulieleza sauti, haukueleza wagonjwa.

5. Na mawimbi ya maikrowevu?

Hii ndiyo nadharia iliyobaki hai mpaka leo, na ina msingi wa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanasayansi Mmarekani Allan Frey alionyesha kwamba mtu anaweza "kusikia" mawimbi ya redio yanayopigwa kwa vipindi vifupi sana. Mpigo mmoja hupasha tishu za kichwa kwa sehemu ndogo mno ya digrii, tishu zinatanuka kidogo, mtikisiko unakwenda kwenye sikio la ndani, na ubongo unapokea mlio. Hakuna sauti yoyote hewani.

Angalia sasa. Kama sauti haiko hewani, simu haiwezi kuirekodi. Rekodi ya swali la 4 basi haiwezi kuwa ushahidi wa maikrowevu, na kama ni maikrowevu, rekodi ile ni ya kitu kingine. Watu wengi wanaozungumzia kisa hiki huzibeba hoja zote mbili kwa mkono mmoja bila kuona kwamba zinapigana.

Kuna tatizo la pili. Kusikia mlio ni jambo moja, kuumia ubongo ni jingine. Kiasi cha nishati kinachotosha mlio hakitoshi kudhuru. Ukiiongeza hadi idhuru, ngozi inapaswa kuungua kwanza. Isitoshe, mawimbi hutawanyika kadiri yanavyokwenda, halafu yana ukuta wa kupita. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mhandisi wa antena atakwambia hivyohivyo kwa hesabu. Wanaoitetea nadharia hii hujibu kwamba kifaa kinaweza kuwekwa karibu, nyumba ya jirani au ndani ya gari. Hilo linawezekana. Lakini basi kuna chombo, kuna mtu, kuna umeme, kuna alama za mawimbi ambazo mtambo wa kupimia ungezinasa.

6. Kuna nchi yoyote yenye silaha ya namna hiyo inayojulikana wazi?

Marekani yenyewe. Ina mtambo wa kutawanya watu kwa mawimbi ya gigahezi 95, unaobebwa na lori, ambao humfanya mtu ahisi ngozi inaungua hadi akimbie. Ulipelekwa Afghanistan mwaka 2010, ukarudishwa bila kutumiwa. Hauingii ndani ya fuvu, na ukubwa wake hauruhusu kuuficha nyuma ya pazia.

7. Lakini Warusi si waliwahi kuumulika ubalozi wa Marekani?

Ndiyo, na bila historia hii hofu ya Havana haieleweki.

Agosti 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, nembo ya taifa la Marekani iliyochongwa kwa mbao. Akaitundika nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Leon Theremin, kisicho na betri wala waya. Kilikuwa kimya kabisa hadi mtu wa nje akimulike kwa mawimbi ya redio, hapo kikaanza kurusha mazungumzo ya chumbani. Kiligunduliwa mwaka 1952, mabalozi kadhaa wakiwa wameshapita chini yake.

Kisha, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, Wasovieti walielekeza mawimbi ya maikrowevu kwenye jengo la ubalozi wenyewe. Wakubwa wa Washington walijua. Wafanyakazi hawakuambiwa hadi mwaka 1976, na walikasirika, nao walikuwa na haki. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliotolewa mwaka 1978 haukukuta kwamba wafanyakazi wa Moscow walikuwa na afya mbaya kuliko wenzao wa balozi nyingine za Ulaya ya Mashariki. Lakini somo lililobaki vichwani mwa wanadiplomasia lilikuwa lingine: tunamulikwa, na serikali yetu inaweza kutuficha ukweli.

## Sera: nini kilibadilika

8. Hofu hii iliathirije uhusiano wa Marekani na Kuba?

Kwanza kimyakimya. Februari 2017 Raúl Castro mwenyewe alimwita kaimu balozi wa Marekani, akamwambia haelewi kinachotokea, na Kuba ikawaruhusu wapelelezi wa FBI waingie Havana. Kwa anayeijua historia ya nchi hizi, hilo ni jambo zito. Wapelelezi walikwenda. Januari 2018 seneta Jeff Flake alisema ameambiwa kwamba FBI haikupata ushahidi wa shambulio la sauti.

Sera haikungoja majibu hayo. Mei 2017 Marekani iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Kuba. Septemba 29, 2017 iliagiza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake waondoke Havana na kuwaonya raia wake wasisafiri Kuba. Oktoba 3 ikawafukuza Wakuba wengine 15. Katikati ya Oktoba Rais Trump akasema anaamini Kuba ndiyo iliyohusika. Hakuna mtuhumiwa aliyekamatwa, hakuna kifaa kilichookotwa, na hadi siku hiyo sababu ya ugonjwa ilikuwa haijajulikana. Silaha ambayo hakuna aliyeiona ilikuwa imeshafunga ofisi za ubalozi.

9. Kwani Trump hakuwa ameshaamua kuikazia Kuba hata bila ugonjwa huu?

Alikuwa ameshaamua. Juni 16, 2017 alihutubia Miami akatangaza kufuta makubaliano ya Obama na Kuba, wiki kadhaa kabla habari za ugonjwa hazijawafikia wananchi Agosti mwaka huo. Kwa hiyo anayesema ugonjwa ndio ulioua maelewano anatia chumvi.

Nionavyo mimi, ugonjwa uliipa sera sababu isiyopingika. Mfanyabiashara au mbunge anaweza kubishana na rais kuhusu utalii na biashara ya kilimo. Nani atabishana naye anaposema wafanyakazi wetu wanapigwa vichwani usiku? Hata wapenzi wa maelewano walinyamaza.

10. Mwananchi wa Kuba aliathirikaje?

Hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Ubalozi ukibaki na watu wachache, dirisha la viza linafungwa. Kwa makubaliano ya mwaka 1994 Marekani ilikuwa imeahidi kuwapa Wakuba viza za kuhamia zisizopungua 20,000 kwa mwaka. Baada ya Septemba 2017 mwombaji aliambiwa akafanyie usaili Bogotá, Kolombia, na kuanzia mwaka 2018 Georgetown, Guyana. Mama anayetaka kumfuata mwanawe Florida akawa analipia ndege, malazi na vipimo vya daktari katika nchi ya tatu, kwa mshahara wa Kuba, bila uhakika wa kupata. Mpango wa kuunganisha familia nao ukasimama.

Hali hiyo ilidumu miaka. Viza za kuhamia zilianza tena kutolewa Havana Mei 2022, na huduma kamili Januari 2023. Katikati hapo uchumi wa kisiwa ulianguka, Nicaragua ikaondoa sharti la viza kwa Wakuba Novemba 2021, na katika mwaka wa fedha wa 2022 Wakuba zaidi ya 220,000 walinaswa wakijaribu kuingia Marekani kwa mpaka wa nchi kavu. Njaa ndiyo iliyowasukuma wengi. Lakini mlango halali ulikuwa umefungwa, na waliofungua dirisha walikuwa wasafirishaji haramu.

11. Je, Kuba iliwekwa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi kwa sababu ya ugonjwa huu?

Hapana. Ilirudishwa Januari 12, 2021, na sababu zilizotajwa zilikuwa kuwahifadhi waasi wa Kolombia na Wamarekani waliotoroka sheria.

12. Biden alipoingia, mambo yalitulia?

Yalihama. Lawama ikatoka Kuba ikaelekea Moscow. Agosti 2021 safari ya Makamu wa Rais Kamala Harris kutoka Singapore kwenda Hanoi ilichelewa zaidi ya saa tatu kwa sababu ya taarifa ya tukio la aina hii Hanoi. Novemba mwaka huo mkurugenzi wa CIA, William Burns, aliligusia jambo hili kwa wakuu wa ujasusi wa Urusi. Oktoba 2021 Biden alitia saini sheria ya kuwalipa fidia waathirika (swali la 15).

## Uchunguzi

13. Mashirika ya ujasusi yalihitimisha nini?

Machi 2023 mashirika saba ya Marekani yalitoa tathmini: mengi yalisema uwezekano wa adui wa kigeni kuhusika ni mdogo sana. Januari 2025 tathmini ikarudiwa. Matano yakabaki palepale. Mawili yakalegeza msimamo: moja likasema kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba nchi fulani imeunda kifaa cha aina hiyo, jingine kwamba huenda kimetumika katika visa vichache.

Upande wa pili, jopo la wataalamu lililoitishwa na mashirika hayohayo lilisema Februari 2022 kwamba nishati ya mawimbi yanayopigwa kwa vipindi inaweza kueleza baadhi ya visa, na kwamba hofu peke yake haitoshi kuvieleza. Na Desemba 2024 kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi iliituhumu jamii ya ujasusi kwa kufunga jalada haraka. Msomaji ataona kwamba kila kambi ina karatasi yake ya kuonyesha.

14. Na madaktari?

Mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapima wagonjwa 21 wa Havana, wakasema dalili zinafanana na mtikisiko wa ubongo, ila bila kichwa kugongwa. Wenzao wengi walipinga vigezo vilivyotumika. Desemba 2020 kamati ya Akademia za Kitaifa za Sayansi, chini ya David Relman, ilisema mawimbi ya redio yanayopigwa kwa vipindi ndiyo maelezo yenye mashiko zaidi kati ya yale waliyoyachunguza. Machi 2024 Taasisi za Taifa za Afya zilichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 80: picha za ubongo hazikuonyesha tofauti ya maana na watu wenye afya. Wagonjwa hata hivyo walikuwa wanaumwa kweli: uchovu, kuyumbayumba, huzuni.

15. Kama hakuna silaha, kwa nini Marekani inawalipa?

Sheria haidai uthibitishe silaha. Inadai uonyeshe jeraha la ubongo ambalo halina maelezo mengine. Kanuni za mwaka 2022 za Wizara ya Mambo ya Nje ziliweka malipo ya mara moja ya takribani dola 140,000 hadi 187,000. Mwajiri akimtibu mfanyakazi hatoi hukumu juu ya aliyempiga. Wapo wanaoyachukulia malipo hayo kama serikali kukiri kwamba silaha ipo, lakini sivyo.

## Maswali ya pembeni

16. Kanada ilifanya nini?

Ilipunguza wafanyakazi wake Havana, mwanzoni mwa 2019 ikawakata nusu, lakini haikumfukuza Mkuba hata mmoja wala kuilaumu Kuba. Dalili zilezile, mji uleule, sera mbili tofauti. Timu ya Chuo Kikuu cha Dalhousie ilidokeza kwamba dawa za kuua mbu, zilizopulizwa kwa wingi enzi za mlipuko wa virusi vya Zika, huenda zilichangia. Baadhi ya familia za wanadiplomasia wa Kanada zikaishtaki serikali yao wenyewe mwaka 2019.

17. Si ni kama zile shule zetu ambazo wasichana huanguka pamoja?

Kuna wataalamu wanaosema hivyo, kama daktari wa neva Robert Baloh wa Los Angeles, na mfano ambao vitabu vya magonjwa ya kundi yatokanayo na hofu hupenda kuutaja unatoka kwetu. Januari 30, 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Ikafika wanafunzi 95 kati ya 159, na Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, ugonjwa ukaenda nao hadi vijijini. Madaktari walitafuta sumu na virusi, hawakupata.

Nasisitiza, maana swali hili mara nyingi huulizwa kwa kejeli: wale wasichana hawakuwa wanaigiza. Mwili unaweza kuugua kweli kwa hofu, na hofu huambukiza pale watu wanapoishi pamoja, chini ya shinikizo, bila pa kutokea. Ubalozi wa Havana wa mwaka 2017, wenye vikao vya tahadhari na minong'ono ya nani anafuata, ulikuwa bweni pia. Wanaopinga husema haya hayaelezi walioanza kuugua kabla ya mtu yeyote kuonywa, na hoja hiyo bado haijajibiwa vizuri.

18. Vipi zile habari za kikosi cha Urusi namba 29155?

Mwishoni mwa Machi 2024 waandishi wa vyombo vitatu, cha Kirusi kilicho uhamishoni, cha Kijerumani na cha Kimarekani, walieleza kwamba watu wa kikosi hicho cha ujasusi wa kijeshi walionekana kuwa karibu na baadhi ya matukio. Urusi ilikanusha. Ni uandishi wa kuheshimika, na kuwapo karibu si kitu cha kupuuza. Lakini majasusi huwa karibu na majasusi. Ndiyo kazi yao. Kilichokosekana ni kile cha swali la 5: chombo chenyewe.

19. Ni mara ya kwanza silaha isiyoonekana kuongoza sera ya nchi?

Hata kidogo. Mwaka 1960 John Kennedy aligombea urais akionya kwamba Wasovieti wamewaacha Wamarekani mbali kwa makombora. Picha za setilaiti zikaonyesha kwamba pengo lipo, ila Marekani ndiyo iliyokuwa mbele. Oktoba 1986, Reykjavik, Reagan na Gorbachev walikaribia makubaliano makubwa ya kupunguza silaha za nyuklia, yakavunjika juu ya ngao ya anga ya Marekani ya kuzuia makombora, ambayo ilikuwa bado maabara. Februari 2003 Colin Powell alilieleza Baraza la Usalama kuhusu mirija ya alumini ya Iraq kama dalili ya mpango wa nyuklia. Ilikuwa ya roketi za kawaida. Ukiitazama Havana ukiwa umesimama karibu na visa hivi, haishangazi sana.

20. Je, kuna siku Wakuba wamefungiwa tena mlango kwa sababu hiyohiyo?

Mlango umefungwa tena, sababu si hiyo. Juni 2025 tangazo la Rais Trump liliwawekea vikwazo vya kuingia Marekani raia wa nchi kadhaa, Kuba na Burundi zikiwamo. Kwa Kuba zilitajwa orodha ya ugaidi, watu kupitiliza muda wa viza, na serikali yao kukataa kuwapokea wanaorudishwa. Sauti za usiku hazikutajwa popote.